Kabla ya bunga, uliza dola

Natoka soko ya Kenya, hapa Lubumbashi, sasa hivi, mfuko bado mkononi.

Agosti 2023 Benki Kuu ya Kongo ilipandisha riba kutoka 11% hadi 25%, franka yetu isizidi kuporomoka. Dawa hiyo tulishaionja miaka mitatu kabla yake, Agosti 2020: korona imebana, riba ikaruka toka 7.5% hadi 18.5%. Bei zikatulia, wakaishusha polepole. Haya, tena.

Basi namuuliza mama muuza bunga (unga wa mahindi), meka moja, yaani kopo la kupimia, ngapi?
Hajibu. Anampigia mdogo wake anayebadili pesa pale kona:

"Dola iko ngapi saa hii?"

Anasikiliza. Anapangusa kibao kwa ncha ya kitenge, anaandika bei mpya kwa chaki. Mbele yangu! Gunia ni lilelile la jana, hata kamba haijabadilika.

Simlaumu. Mahindi mengi yanatoka Zambia, huko nani anataka franka? Na hiyo riba ya franka sijui ilimshika nani, maana mikopo huku karibu yote ni ya dola.

Wa Goma na Bukavu, leo mmebadili ngapi?
Na wa hapa Lubumbashi, meka ya bei nafuu iko wapi? Semeni haraka, kesho nitume watoto.