Kutoka Upanga hadi Chamwino, nikiuliza habari za Azimio

Wenzangu kazini walinishangaa nilipowaambia nakwenda Dodoma kwa basi. Treni ya umeme ipo, inafika kwa saa tatu na kitu, viti safi, hakuna kupigwa vumbi. Lakini ndani ya treni ile kila abiria na simu yake, na mimi nilikuwa natafuta watu wanaozungumza. Nilibeba swali moja la kuwauliza njiani: miaka ya Azimio la Arusha, ile siasa ya ujamaa na kujitegemea, kwenu ilikuwaje? Nimelichagua kwa sababu halimtishi mtu. Muulize Mtanzania uchaguzi wa juzi, atakutazama kwanza usoni akupime. Muulize habari za Mwalimu Nyerere, atakupa zote, na ndani ya hizo za zamani atakuchanganyia na za leo bila kujua.

Jioni ya kuamkia safari nilipita Upanga, kwenye jengo moja la ghorofa ninalolifahamu tangu utoto. Juu anaishi mzee wa Kihindi ambaye baba yake ndiye aliyelijenga, mwishoni mwa miaka ya hamsini. Baba huyo alianza na cherehani moja barazani kwa watu. Aprili 1971 ikaja sheria ya kutaifisha majengo: nyumba yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, ambayo mwenyewe haikai yote, inakuwa mali ya umma. Lililozidi miaka kumi halikuwa na fidia. La kwao lilikuwa limezidi. Familia ikabaki ghorofani mle mle, ikimlipa kodi Msajili wa Majumba, ofisi ya Serikali iliyoyasimamia majengo yaliyotaifishwa. "Baba alikuwa analipa siku ya kwanza ya mwezi," mzee aliniambia, "hakutaka waje kugonga mlango wake mwenyewe."

Chini yake anakaa mama mmoja, mjane wa karani wa reli. Walihamia pale katikati ya miaka ya sabini wakitokea chumba kimoja Buguruni. Kwake yeye mambo yaliyompata mzee wa juu yana jina jingine: ndiyo mara ya kwanza watoto wake walilala chumba chao. Mwanawe mkubwa ni daktari, na mama anaamini kabisa kwamba udaktari ule ulianzia kwenye meza iliyowekwa kwenye kile chumba cha pili.

Hadi hapo unaweza kudhani unajua kila mmoja anasimama wapi. Mimi pia nilidhani. Nikawauliza, kwa nyakati tofauti, wanaonaje habari za kuwapa wawekezaji majengo ya zamani wayavunje na kujenga marefu. Majibu yao yalifanana mno. Mzee wa Kihindi, mtoto wa aliyenyang'anywa, ndiye aliyekuwa mkali zaidi: nyumba za umma zibaki za umma, kodi isiachiwe soko, wapangaji wazee walindwe. Msajili wa Majumba aliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1990, na mzee huyu sasa ni mpangaji mkongwe wa Shirika, hana nyumba nyingine. Anachukia kilichotokea 1971, na anaitetea hali iliyozaliwa na 1971. Hakuona mgongano wowote. Nami sikuona haja ya kumwonyesha.

Asubuhi, stendi ya Mbezi. Sitaisimulia, kila msomaji aliyewahi kupanda basi pale ana simulizi yake. Kibaha, Mlandizi, Chalinze, tukapita. Nilikaa jirani na mfanyabiashara wa Kibaigwa aliyekuwa ametoka kufunga mzigo Kariakoo: mabeseni, ndoo, vikombe vya plastiki. Nyuma yetu kijana wa miaka kama thelathini, machinga, anakwenda Dodoma kujaribu bahati kwenye minada.

Mazungumzo yalianza pale kijana alipomtaja Rais Magufuli. Desemba 2018 vilitolewa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo, shilingi 20,000, kwa mtu ambaye mauzo yake hayazidi milioni nne kwa mwaka. Kijana alikinunua. "Mgambo akija, natoa kitambulisho. Unajua maana yake? Miaka yote nilikuwa nakimbia na mzigo kichwani. Mwaka ule nilisimama." Halafu 2021 wamachinga wakaondolewa barabarani na kupelekwa kwenye maeneo waliyopangiwa. Yeye alipewa kizimba ambako, kwa maneno yake, hata nzi walikuwa hawapiti.

Mfanyabiashara alimsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kisha akasema, "Mdogo wangu, uliposimama wewe, ulisimama mbele ya mlango wangu." Miaka ya nyuma alikuwa na fremu ya duka Dar. Analipa pango, leseni, kodi, ana mashine ya kutolea risiti, na nje hatua mbili kuna mtu anauza beseni lile lile kwa bei ya chini kwa sababu halipi chochote katika hivyo. Rais ambaye kijana anamkumbuka kwa heshima, yeye anamkumbuka kwa maofisa wa kodi na akaunti za benki zilizofungwa. Wafanyabiashara wa Kariakoo walipofunga maduka Mei 2023 kulalamikia kodi, alikuwa huko Kibaigwa, lakini alifunga na lake nusu siku, "kwa mshikamano tu."

Hawa wawili si tajiri na maskini. Mwenye fremu ana mikopo inayomnyima usingizi. Tofauti yao ni kizingiti cha mlango, mmoja yuko ndani na mwingine nje, na nadhani wachambuzi wetu wanaopenda kugawa nchi katika "walionacho" na "wasionacho" wangefanya vizuri kukaa kiti kile cha katikati kutoka Mlandizi hadi Morogoro.

Msamvu tulisimama kidogo, akapanda mzee aliyekuwa fundi wa mitambo katika kimoja cha viwanda vilivyojengwa Morogoro enzi za Mwalimu. Alipunguzwa kazi wakati wa ubinafsishaji. Nilipomuuliza swali langu alinijibu kwa kuorodhesha mashine, moja moja, zilikotengenezwa na zilikopelekwa kama chuma chakavu. Nilimwacha amalize. Maoni yake juu ya wawekezaji yalikuwa humo humo kwenye orodha.

Kisha Dakawa. Kila basi lipitalo hapa lina mtu wa kusema, "Hapa ndipo alipofia Sokoine." Ilikuwa 12 Aprili 1984, Waziri Mkuu akitoka Dodoma kurudi Dar. Safari hii aliyesema ni mama mmoja wa Gairo, na alisema kwa sauti ya mtu aliyefiwa mwezi uliopita. Alikuwa msichana miaka ile ya foleni, baada ya vita ya Kagera, wakati tulipoambiwa tufunge mikanda miezi kumi na minane na mikanda ikaendelea kufungwa. Alikuwa akitumwa alfajiri dukani kupanga mawe kushika nafasi ya mama yake: jiwe letu, jiwe la jirani, jiwe la bibi. Sukari ikifika, saa nne imekwisha, na kila mtu anajua imetokea mlango wa nyuma. Mwaka 1983 ilipoanza vita dhidi ya wahujumu uchumi, yaani msako wa waliodaiwa kuficha na kulangua bidhaa, vitu vilionekana ghafla. Mama yake alirudi na sabuni, akalia.

Mfanyabiashara wangu alikuwa kimya. Tulipoliacha daraja la Wami ndipo aliponiambia, kwa sauti ya chini, mimi peke yangu. Baba yake alikuwa na duka dogo upande wa Kongwa. Waliposikia msako unakuja, walichimba shimo usiku wakafukia katoni za sabuni na vitenge. Yeye alikuwa mtoto wa shule, ndiye aliyeshika taa. Vitenge vilioza. Baba alikamatwa hata hivyo, akakaa ndani bila kujua kosa lake ni lipi hasa, na alipotoka hakuuza tena kitu. "Ile foleni yake," akamwonyesha mama kwa kidevu, "sisi tulikuwa upande wa pili wa kaunta. Na sisi tulikuwa hatuna sukari."

Nilitaka sana wazungumze wao kwa wao. Hawakuzungumza. Mama alishuka Gairo na mfanyabiashara alimsaidia kushusha mabegi.

Kibaigwa niliteremka nikalala, kwa sababu ya soko la mahindi. Asubuhi malori yamejipanga, madalali wanapigiana kelele, magunia ya lumbesa, yaliyojazwa kupita kipimo, yameshonwa na vilemba juu. Mahindi yanatoka Kiteto, yanatoka Kongwa yenyewe, yanatoka hadi Handeni. Hapa swali la Azimio niliona halina mwenyewe, nikauliza jingine: Serikali ikizuia mahindi kwenda nje ya nchi, mnasemaje? Mwaka 2017 ilizuia, ikataka yasagwe kwanza, uuzwe unga.

Mkulima mkubwa, mwenye trekta, alijibu kama nilivyotarajia. Bei iachwe huru, mipaka iwe wazi, Serikali haikumsaidia kulima kwa nini imsaidie kuuza. Vijana wapakiaji, ambao wanalipwa kwa gunia na wananunua unga kwa kilo, walitaka mipaka ifungwe hata leo. Hayo yapo kwenye magazeti.

Aliyenifundisha ni mama mwenye ekari tatu, aliyekuwa ameleta magunia machache kwa mkokoteni wa ng'ombe. Aliniuliza, "Unaniuliza kwa mwezi gani?" Nikadhani hakunielewa. Akafafanua. Juni na Julai anavuna, ana deni la palizi, ada za watoto zinamsubiri. Hapo anauza, na anataka wanunuzi wa kila nchi waje wagombanie. Ikifika Januari ghala limekauka, analima huku akinunua mahindi, pengine yale yale aliyoyauza, kwa bei mara mbili. Hapo anataka mpaka ufungwe na kufuli. "Mwenye trekta ana ghala, yeye ana mawazo yake mwaka mzima," alisema. "Mimi yangu yana msimu." Wakulima wadogo wa namna yake ni wengi sana katika nchi hii, wanauza wakati wa bei ya chini na kununua wakati wa bei ya juu, na kila mwanasiasa anayesimama jukwaani kusema "mkulima anataka hiki" angepaswa kwanza kuulizwa kalenda.

Nilipanda basi dogo kuelekea Chamwino. Kongwa ikabaki upande wa kushoto, ambako mwaka 1947 Waingereza walianza mradi wa karanga ambao ulikufa miaka michache baadaye. Hakuna aliyeitaja ndani ya basi.

Chamwino nilikuwa nimeelekezwa kwa ndugu wawili, Wagogo, baba mmoja mama mmoja. Mkubwa anakaribia miaka themanini, mdogo ni mwalimu mstaafu. Operesheni Dodoma, ya kuwahamishia watu katika vijiji vya ujamaa, ilipofika mwaka 1971, mkubwa alikuwa na mke, tembe, yaani nyumba ya udongo ya Kigogo, aliloliezeka mwenyewe na ng'ombe wa kutosha kuitwa mtu. Akaambiwa ahamie kijijini, kwenye nyumba za mstari. Tembe likavunjwa ili asirudi. Malisho yakawa mbali, ng'ombe wakapungua, wengine aliwauza, wengine walikufa. Mdogo alikuwa na miaka tisa, anachunga ng'ombe hao hao. Kijijini kulikuwa na shule. Ng'ombe walipopungua, mchungaji naye akawa hana kazi, akapelekwa darasani. Akasoma, akawa mwalimu, ana pensheni, ana nyumba ya bati yenye vigae sebuleni.

Mdogo aliniambia kwa fahari kwamba Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuja kushika kazi pale, akafyatua matofali na wananchi. Mkubwa akasema, "Alifyatua. Kisha akaenda kwake."

Kinachowatenganisha leo si ng'ombe wa wakati ule. Tangu 2016, Serikali ilipoamua kuhamia Dodoma kweli kweli, ardhi ya huku imepanda bei, na wapima ardhi wanazunguka na vigingi. Mdogo ni mjumbe wa kamati, anaamini mpango ukifuatwa kila mtu atafaidika, na amekwisha kununua viwanja viwili. Mkubwa huhudhuria mikutano yote ya kijiji, hakosi hata mmoja, hukaa nyuma. Nilimsifu kwa moyo wa kushiriki. Akasema haendi kushiriki, anaenda kusikia safari hii wanachukua nini.

"Ungekuwa umesoma ungeelewa," mdogo alimwambia, na nikaona kwamba sentensi hiyo imeshasemwa mara nyingi ndani ya nyumba ile.

"Ulisoma kwa ng'ombe wangu," mkubwa akajibu.

Nikamgeukia mzee, nikamwomba aseme wazi: kwa jumla, Azimio lilikuwa jema au baya? Hakujibu. Aliniuliza, "Mwanangu, baba yako alifanya kazi gani?"

"Mwalimu wa shule ya msingi."

"Alianza mwaka gani?"

"Sabini na nane, mzee." Wakati wa elimu kwa wote, walimu walipohitajika kwa maelfu, baba yangu, mtoto wa mkulima asiye na kitu, akapata kazi ya Serikali.

Mzee alimwambia mdogo wake jambo kwa Kigogo, wote wawili wakacheka, kwa mara ya kwanza tangu nifike. Nikauliza amesema nini.

"Amesema," mwalimu akanitafsiria huku akijifuta machozi ya kicheko, "ungeanza kwa kutuambia hilo, tungekuwa tumeshamaliza kitambo."