Nilivyozisikiliza albamu zote nane za Tracy Chapman

Tracy Chapman, mwimbaji na mtunzi wa Marekani, ana albamu nane za studio. Ya kwanza, iliyobeba jina lake mwenyewe, ilitoka Aprili 1988. Ya nane, Our Bright Future, ilitoka 2008, na tangu hapo hajatoa nyingine. Lakini huku kwetu Tanga ukimtaja, watu wanakuimbia nyimbo zile zile tatu: "Fast Car", "Baby Can I Hold You" na "Give Me One Reason". Ndizo zilizopigwa redioni usiku, ndizo zilizo kwenye flashi za madereva, zimechanganywa na Kenny Rogers na wengine wa aina hiyo. Hiyo ya pili wengi wanaijua zaidi kwa sauti za Boyzone, kundi la vijana wa Ireland walioirudia 1997. Na mimi nilikaa na tatu hizo miaka mingi, nikizipenda kweli.

Kilichonisukuma ni video ya tuzo za Grammy za Februari 2024. Luke Combs, mwimbaji wa kantri wa Marekani, alikuwa ameirudia "Fast Car" mwaka uliotangulia na ikavuma upya, hadi Novemba 2023 wimbo huo ukampa Chapman tuzo ya wimbo bora wa mwaka ya chama cha muziki wa kantri, akiwa mtunzi wa kwanza mweusi kuipata. Sasa akatokea jukwaani mwenyewe, ana miaka 59, mvi kichwani, anatabasamu, anaanza kupiga gitaa lile lile kwa vidole vyake. Sauti haijachuja. Niliitazama nikairudia, nikajiuliza: mama huyu ameandika nini kingine ambacho mimi sijakisikia? Nikaamua nitazisikiliza albamu zake zote, kwa mpangilio aliozitoa, wimbo wa kwanza hadi wa mwisho bila kuruka.

Kusema ni rahisi. Programu ya muziki niliyokuwa nayo ilikuwa ya bure, na ya bure huchanganya nyimbo itakavyo: unaomba albamu ya 1988, inakupa wimbo wa tisa, kisha inakuingizia mtu mwingine kabisa, kisha tangazo. Nikalipia, nikazipakua zote nane kwa Wi-Fi ya ndugu yangu, nikazima ule mchanganyo. Kuanzia hapo simu ilikuwa inacheza hata bando likiisha.

Tatizo la pili lilikuwa kazi yangu. Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda Ngamiani, na cherehani ikianza kwenda gitaa halisikiki. Nyimbo za huyu mama zina utulivu mwingi, na sehemu za utulivu ndizo zilizokuwa zinaliwa na mashine. Basi nikapanga: kazi za cherehani asubuhi, kazi za mkono mchana. Kupinda madira, kushona vifungo, kutia lesi, hizo zote nikaziweka baada ya adhuhuri, wateja wakiwa wachache, nikawasha spika ndogo mezani. Albamu moja nilikuwa naikalia mpaka niijue, ndipo naenda ya pili. Mara ya kwanza nasikiliza tu. Mara zinazofuata nasoma maneno kwenye simu huku wimbo unaenda, kwa sababu Kiingereza changu cha sekondari kinahitaji kuona ili kishike.

Ile ya 1988 ilinikalisha sana, na siyo kwa sababu ina nyimbo maarufu. Ina nyimbo 11, dakika 36 hivi. Alipoirekodi alikuwa na miaka 23, ametoka Chuo Kikuu cha Tufts alikosomea anthropolojia, na kabla ya hapo alikuwa anaimba barabarani Cambridge, ile ya Marekani, na kwenye vituo vya treni Boston. Kwao ni Cleveland, Ohio, amelelewa na mama peke yake. Mtayarishaji David Kershenbaum aliacha sauti na gitaa vikae mbele, vyombo vingine vikaja nyuma taratibu. Sikiliza "Fast Car" ukilijua hilo. Gitaa linazunguka pale pale tangu mwanzo, ngoma hazigongi mpaka kiitikio kinapoingia, na kiitikio ndipo msichana anapokumbuka raha ya kuwa ndani ya gari. Kikiisha, ngoma zinaondoka, anarudi kwenye maisha: baba mlevi, mama aliyeondoka, shule aliyoiacha ili amtunze mzee, kazi ya dukani. Mwisho wa wimbo huyo mwenye gari ndiye amekuwa mlevi, na ni yeye msichana anayelipa kila kitu ndani. Gitaa bado linazunguka vile vile.

Sasa tazama kilichopangwa baada yake. Wa tatu ni "Across the Lines", kuhusu mji uliogawanywa na reli, weusi huku na weupe kule, na ghasia zinazoanza kwa msichana mweusi kudhuriwa. Wa nne ni "Behind the Wall". Huu hauna gitaa, hauna ngoma, hauna chochote ila sauti yake. Jirani anasimulia anachosikia ukutani usiku, mwanamke anapigwa na mumewe, polisi wakiitwa wanachelewa, na wakija wanasema hawawezi kuingilia mambo ya mume na mke. Siku ulipoingia nilikuwa na dira ya hariri mapajani. Binti anayejifunza kazi kwangu akauliza, "Dada, mbona muziki umekata?" Nikamwambia haujakata, sikiliza. Akaacha mkasi. Anajua Kiingereza kuliko mimi, sikuhitaji kumweleza kitu.

Na mara tu huo unapokwisha, bila kukupa nafasi, linaanza gitaa la "Baby Can I Hold You".

Wimbo huu sisi tunaupiga harusini. Bibi harusi anaingia nao ukumbini. Lakini pale ulipowekwa na mwenyewe, nyuma ya ule wa ukutani, unasikia kitu kingine: mtu anayekaa miaka na miaka na mwenzake asiyeweza kutamka samahani, asiyeweza kusema nisamehe, asiyeweza kusema nakupenda. Binti akasema, "Kumbe ndiye huyu huyu?" Ndiye, na ni albamu moja, dakika hiyo hiyo. Ndipo nilipoelewa kwa nini nilitaka kuzisikiliza nzima. Wimbo mmoja mmoja ni kama vipande vya gauni vilivyokatwa vizuri vikawekwa mezani: kitambaa unakiona, mshono huuoni.

Juni 1988, miezi miwili tu baada ya albamu kutoka, alikuwa Wembley, London, kwenye tamasha la kumwadhimisha Nelson Mandela kwa kutimiza miaka 70, naye Mandela yuko gerezani. Alishaimba mapema na kuondoka jukwaani. Stevie Wonder akashindwa kupanda kwa sababu vifaa vya muziki wake vilikuwa havijakamilika, na waandaaji wakamrudisha Chapman na gitaa lake peke yake mbele ya uwanja uliojaa, televisheni zikirusha duniani kote. Akaimba "Fast Car". Mauzo yakapanda, na mwaka uliofuata akabeba Grammy tatu. Mwaka huo huo wa 1988 alizunguka na msafara wa Amnesty International, shirika la haki za binadamu, pamoja na Bruce Springsteen, Sting, Peter Gabriel na Youssou N'Dour, na Afrika walifika Harare na Abidjan. Natamani sana wangefika na huku.

Crossroads ya 1989 niliingia nayo moja kwa moja. "Freedom Now" ni ya Mandela, na alitoka gerezani Februari 1990, miezi michache baada ya albamu kutoka. "Subcity" inawasemea wanaolala mitaani Marekani, nchi ambayo sisi huku tunaisikia kwa utajiri tu. Wa mwisho, "All That You Have Is Your Soul", una mkono wa Neil Young, mwanamuziki wa Kanada, ndani yake, lakini hata usingekuwa nao ningeupenda. Mama anamwonya binti yake asiuze utu wake kwa chochote. Niliurudia mpaka jirani yangu wa viatu akaanza kuuimba.

Matters of the Heart ya 1992 haikunikaa sana, isipokuwa "Woman's Work", kawimbo kafupi kuhusu kazi za mwanamke zisizoisha tangu alfajiri. New Beginning ya 1995 ndiyo yenye "Give Me One Reason", na hapa nilijifunza jambo lililonifurahisha: wimbo huo alishauimba kwenye televisheni ya Marekani mwaka 1989. Akakaa nao, hakuuharakisha, na ulipotoka kwenye albamu ukafika nambari tatu Marekani. Ni bluzi ya kawaida kabisa, mizunguko ile ile wapigaji wanayoijua tangu zamani, na mwanamke anasema apewe sababu moja ya kubaki. Lakini humo humo kuna "The Promise", ambao hapa Tanga sijasikia redio yoyote ikiupiga, na kwangu unaizidi "Give Me One Reason". Gitaa, sauti, na ahadi ya kumngoja mtu.

Iliyonishangaza kuliko zote ni Telling Stories ya 2000. Hakuna aliyewahi kunitajia. Nilitegemea kuipita haraka, nikakaa nayo kuliko ile ya kwanza. Wimbo wenye jina la albamu unahusu uongo unaojificha katikati ya maneno ya watu wawili. "Paper and Ink" unazungumzia pesa, kwamba ni karatasi na wino, na watu wanauana kwa ajili yake. "Unsung Psalm" ni mtu anayefikiria siku atakayozikwa na angependa aseme nini juu ya maisha aliyoishi. Sauti imeshuka kidogo, imekomaa, haina haraka ya kukushawishi.

Let It Rain ya 2002 ina giza, ila "Say Hallelujah" ni mazishi yanayochezeka. Where You Live ya 2005 ina "America", ngoma nzito na hasira dhidi ya waliokwenda kutwaa nchi za wengine. Na Our Bright Future aliitengeneza na mtayarishaji Larry Klein, ambaye alipiga gitaa la besi kwenye albamu ya kwanza mwaka 1988. Nilipoliona jina hilo nikairudia ya kwanza kusikiliza besi tu.

Wateja wameanza kuuliza. Nikiulizwa waanzie wapi, nawaambia waanze na ile ya 1988, wimbo wa kwanza hadi wa 11, wasiruke wa nne hata kama ni mzito. Kisha waende moja kwa moja Telling Stories kabla ya kurudi katikati, maana anayefuata miaka huweza kuchokea ya tatu akaacha. Wasikilize kwa spika au waya wa masikioni wenye afadhali, kwa sababu spika ya simu inalimeza gitaa la chini. Na maneno wayasome mara ya pili, siyo ya kwanza. Binti wangu wa kazi ameshaziomba zote, na yeye ameniletea orodha yake: anataka nianze na Joni Mitchell, mwimbaji wa Kanada.