Cobh, mji wa kuagana

Leo nimeshinda Cobh, mji mdogo wa bandari kusini mwa Ireland ambao wenyeji huutamka Kovu. Kutoka Cork, treni haichukui hata nusu saa. Inapita Fota, kwenye hifadhi ya wanyama wenye twiga na duma, ambako familia nyingi zenye watoto zilishuka, kisha inaambaa na maji mpaka stesheni ya mwisho iliyo ukingoni mwa gati. Watu waliokuwa wakihama nchi walishushwa hapa, na kutoka hapa hadi kwenye mashua za kuwapeleka melini ni mwendo mfupi wa miguu.

Niliyajua haya kabla ya kuja. Kati ya mwaka 1848 na 1950 waliihama Ireland watu wapatao milioni 6, na milioni 2.5 kati yao walipitia bandari hii. Njaa Kuu ndiyo iliyofungua mlango. Kuanzia 1845 ugonjwa uliozesha viazi shambani, na viazi ndivyo vilivyokuwa chakula cha maskini. Watu kama milioni moja walikufa na wengine kama hao wakaondoka, huku nafaka na mifugo ya nchi hiyohiyo ikiendelea kupakiwa kwenda Uingereza. Hilo la mwisho huwa linaniuma kila ninapolisoma. Kulisoma nikiwa nimesimama kwenye bandari yenyewe kumeniuma zaidi.

Pale gatini ipo sanamu ya Annie Moore na wadogo zake wawili wa kiume. Aliondoka hapa Desemba 1891 akiwa na miaka 17, na tarehe 1 Januari 1892 akawa mhamiaji wa kwanza kupokelewa katika kituo kipya cha Ellis Island, New York. Wadogo zake wanatazama mbele. Yeye kageuka, anatazama alikotoka. Nilikaa kwenye benchi karibu naye muda mrefu.

Kilichonishika hasa ni desturi yao ya usiku wa kuamkia safari. Mtu akiwa anakwenda Marekani, jirani na jamaa walikusanyika nyumbani kwao wakakesha, wakala, wakaimba, wakacheza, wakalia, kama wanavyokesha na maiti. Yalikuwa matanga ya mtu mzima wa afya anayetembea mbele ya macho yao. Mama alijua kwamba hatamwona tena mwanawe, na mara nyingi ndivyo ilivyokuwa. Alfajiri wakamsindikiza kipande cha njia. Baada ya hapo kulikuwa na barua, na ndani ya barua mlikuwa na dola za kulipia kodi ya nyumba, au nauli ya mdogo anayefuata.

Nikampigia mama simu, Tanga. Shikamoo, marahaba mwanangu, umekula, baridi vipi huko. Nikamweleza habari za matanga hayo. Akanyamaza kidogo, kisha akanisimulia jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Mjomba alipokwenda Maskati, kabla sijazaliwa, hakuwa mwandishi wa barua. Alikuwa akirekodi sauti yake kwenye kaseti na kumpa mtu anayekuja. Kaseti ikifika, nyumba nzima inataka kusikiliza. "Bibi yako alikuwa haifungulii mbele ya watu," mama akasema. "Anangoja wageni waondoke, watoto walale, ndipo anaiweka." Mjomba alirudi, mwishowe. Bibi alikuwa ameshazikwa.

Baada ya simu nilipanda kilima kwenda Kanisa Kuu la Mtakatifu Colman. Kilima ni kikali, na nyumba za rangi rangi zimepangana kwenye mteremko huku kila paa likiwa chini ya mwenzake. Kanisa lilianza kujengwa 1868 na halikumalizika hadi 1919. Mnarani mna kengele 49, na kwa bahati nzuri zilikuwa zikipigwa nilipofika. Sehemu ya fedha za ujenzi ilitoka kwa Waairishi waliokuwa Marekani na Australia. Kwa hiyo jengo kubwa kuliko yote mjini limesimama pia kwa jasho la watu waliokwisha ondoka. Wengi wetu tulio ughaibuni tunalijua jambo hilo kwa mikono yetu: unajenga mahali ambapo huishi.

Nikiteremka nilipita kwenye sanamu ya Sonia O'Sullivan, mwanariadha mzaliwa wa hapa aliyechukua medali ya fedha ya mita 5,000 kwenye Olimpiki ya Sydney mwaka 2000. Nilifurahi kumwona katika mji huu mtu anayekimbia halafu akarudi nyumbani.

Wageni wengi huja Cobh kwa ajili ya Titanic. Ilitia nanga nje ya bandari tarehe 11 Aprili 1912, ikachukua abiria 123 waliopelekwa kwa mashua, wengi wao wa daraja la tatu. Walionusurika ni 44. Ofisi ya kampuni ya meli sasa ni jumba la maonyesho, na nyuma yake kuna mabaki ya jeti ya mbao waliyoikanyaga. Mabaki hayo ni nguzo zilizolika na maji, na mbao chache juu yake. Watu waliipa jina la gati la mioyo iliyovunjika.

Watalii wanapiga picha ya nguzo hizo kwa sababu ya Titanic, na sina ugomvi nao. Lakini mimi nilikuwa nikiwafikiria waliosimama nchi kavu mpaka mashua ikatoka, kisha wakageuka kuitafuta njia ya nyumbani, wengine maili nyingi. Annie ana sanamu, Sonia ana sanamu, waliozama na meli ya Lusitania mwaka 1915 wana ukumbusho wao uwanjani. Hao waliobaki sikuwaona popote. Kama kungekuwa na mtu wa kumwomba, ningeomba nguzo zile zitunzwe kabla bahari haijazimaliza, na pembeni yake awekwe mama mmoja wa shaba, amevaa shali, mikono mitupu.