Siku moja na taa za bluu: kuandaa Vox Balaenae ya George Crumb

Saa 3 asubuhi. Ukumbi mdogo Philadelphia, jiji la Marekani ambalo Crumb, mtunzi wa muziki Mmarekani, alifundisha kwa miaka mingi. Usiku inapigwa Vox Balaenae (Kilatini: sauti ya nyangumi), aliyoitunga mwaka 1971 kwa filimbi, chelo na piano baada ya kusikia sauti za nyangumi zilizorekodiwa. Muziki wenyewe ni dakika 20 hivi, ila unakula siku nzima, maana mtunzi aliwaza hadi jukwaa: wapigaji watatu wavae vinyago vyeusi vya nusu uso, na mwanga uwe wa bluu iliyokolea.

Chelo inatangulia. Nyuzi mbili nene zinashushwa nusu toni (hatua ndogo kabisa ya sauti kwenye piano), ya tatu inapandishwa nusu toni. Uzi uliohamishwa hautulii upesi. Ukingoja kuuhamisha hadi jioni, utalegea au kukaza katikati ya muziki.

Saa 4. Piano inavuliwa kifuniko. Mpigaji atagusa nyuzi kwa patasi, kijiti cha kioo na kibanio cha karatasi. Mihimili ya chuma ndani ya kila piano imekaa tofauti, kwa hiyo alama za kuonyesha nyuzi za kuguswa kwenye piano moja hazifai nyingine. Vibandiko vya alama hizo huwekwa juu ya vizuizi vya mlio, kamwe si kwenye uzi, kwani gundi huua sauti. Makali ya patasi hupigwa msasa. Mikono ioshwe na kukaushwa. Jasho hutia nyuzi kutu.

Saa 6 mchana, taa. Hapa ndipo wengi wanapokwama. Bluu nzito hupitisha mwanga kidogo sana, na taa moja nyeupe ya kusomea nota inatosha kuiharibu rangi yote. Taa za kusomea nazo huvishwa karatasi ya bluu, kisha nota zinakaguliwa papo hapo, kwenye mwanga uleule: alama za kalamu ya bluu zinapotea kabisa, kwa kuwa karatasi nyeupe nayo inaonekana bluu. Alama za kalamu nyekundu zinasomeka kama nyeusi. Yeyote aliyeandika kwa bluu anaandika upya.

Saa 8, vinyago. Mpiga filimbi anapuliza na kuimba kwa wakati mmoja, mashavu yanacheza, hivyo ukingo wa chini unakatwa usiguse filimbi. Wa piano anatazama chini ndani ya nyuzi. Tundu za macho zipanuliwe upande wa chini.

Saa 10, sauti. Ala zote zina maikrofoni. Spika zinakaa mbele ya wapigaji, la sivyo maikrofoni ya piano itaokota mlio wa spika na kuanza kupiga yowe. Taa zenye feni zinaondolewa juu ya jukwaa.

Sababu ya kuondoa feni, zenye mvumo, ni mwisho wa muziki. Kifungu kifupi cha muziki kinarudiwa, kila mara kwa sauti ndogo zaidi, hadi mara ya mwisho kinachezwa kwa ishara tu, bila mlio. Mwendesha taa hutamani kufifisha mwanga pamoja na sauti. Asifanye hivyo! Vidole visipoonekana, hadhira haijui kwamba muziki bado unaendelea, na makofi yanaukata.

Saa 1:30 usiku, onyesho. Taa haishuki hadi mikono itulie.

Saa 4 usiku. Nyuzi za piano zinafutwa kwa kitambaa kikavu, vibandiko vinabanduliwa, na chelo inarudishwa taratibu, uzi mmoja mmoja.