Jiwe la Liganga: hatimaye uso umeng'aa

Kile kipande cha Liganga kilichonisumbua tangu mvua za Januari sasa kinang'aa kama kioo, na kazi ya hadubini imeanza.

Kwa mgeni wa mradi huu: Liganga iko Ludewa, mkoani Njombe, na mawe yake ni magnetaiti, madini ya chuma yanayovutwa na sumaku, yenye metali za titani na vanadi. Changu nililetewa hapa Dodoma na jamaa yangu. Kukikata ilikuwa shughuli. Fundi marumaru wa Kizota alikigusisha grenda, akazima mashine, akanitazama: "Kaka, hili jiwe lako linakula diski." Tukapatana bei upya.

Kuanzia hapo ni mkono tu: msasa wa maji, kutoka namba 400 hadi 2000, kisha dawa ya almasi. Ukiharakisha namba moja, michirizi yake itakufuata hadi mwisho. Na hakuna njia ya mkato ya kupitisha mwanga ndani ya jiwe. Granaiti ya hapa kwetu ukiipunguza hadi milimita 0.03 inapitisha mwanga. Magnetaiti hata hapo ni nyeusi tii. Mwanga lazima utoke juu, ugonge uso, urudi kwenye lenzi.

Nilichokiona: uwanja wa kijivu, na ndani yake mistari myembamba yenye wekundu wa mbali, inakatana hadi kuchora pembetatu. Hiyo ni ilmenaiti, madini ya chuma na titani (FeTiO3). Ukipishanisha vichujio vya mwanga na kuzungusha meza ya hadubini, magnetaiti inabaki gizani muda wote. Ilmenaiti inawaka na kuzima, mara nne kwa mzunguko. Nimezungusha hadi shingo ikauma.

Jiwe lilipokuwa la moto, titani ilitawanyika ndani ya magnetaiti. Lilipopoa polepole ikajitenga kama ilmenaiti, ikifuata matabaka ya fuwele. Mistari mingine ni myembamba mno: saga jiwe liwe unga, chembe moja bado itabeba magnetaiti na ilmenaiti, na sumaku itaziokota pamoja. Titani hiyo ikiingia kwenye tanuru la kawaida, mavi ya chuma, yaani takataka zilizoyeyuka, huwa mazito, hayatiririki vizuri. Wanaosema "si tuyeyushe tu mawe ya Liganga tupate chuma" waje wachungulie kwanza.

Picha bado zina ukungu pembeni kwa sababu simu haitulii juu ya lenzi. Nachonga kishikizo cha mbao. Kinachofuata ni mchanga mweusi wa korongo la nyuma ya nyumba. Chembe zilizokataa sumaku nimezigandisha kwenye gundi ya epoksi. Kama kuna ilmenaiti inayojitegemea, itakuwa humo. Bado haijakauka.