Siku moja mezani pa mtunza ramani za kaunti, Nakuru

Watu wengi hudhani ofisi ya ramani za kompyuta ni mahali pa kuchapisha. Wanaingia na fleshi mkononi: "Nitolee ramani ya barabara, ile kubwa ya karatasi ya A1." Kuchapisha hakufiki dakika kumi. Kinachokula siku ni kuhakikisha kwamba barabara inayoonekana kwenye ramani ya idara ya barabara ndiyo hiyo hiyo iliyo kwenye ramani ya maji, ya afya na ya mipango, na kwamba kuna mtu anayejulikana wa kuulizwa pakitokea kosa.

Saa mbili kasorobo asubuhi. Seva kwanza. Siangalii tu kama bekapu ya usiku ipo. Nafungua leya moja kutoka humo, yaani tabaka moja la ramani kama barabara au visima, nahesabu mistari yake, nalinganisha na ile iliyo hai. Stima ikipotea katikati ya kunakili, faili hubaki na jina lake sawasawa, lakini ndani halina kitu.

Saa mbili na nusu. Sajili ya leya. Kila leya ina mstari wake: jina, chanzo, mwaka wa kukusanywa, mfumo wa viwianishi (namba zinazoonyesha mahali), usahihi kwa mita, nani anaruhusiwa kuhariri, nani anaruhusiwa kuona tu, itapitiwa tena lini. Safu ninayoilinda kuliko zote ni ya mlezi, yaani mwenye jukumu la leya hiyo. Hapo tunaandika cheo, hatuandiki jina la mtu. Afisa akihamishiwa Gilgil au Naivasha leya isibaki yatima. Leya isiyo na mlezi huanza kunakiliwa kimyakimya, na baada ya miezi michache utakuta nakala nne za barabara zile zile, kila moja imerekebishwa upande wake, na hakuna anayeweza kukwambia ipi ni ya kweli.

Walezi wengine wako nje ya kaunti kabisa. Mipaka ya wadi zetu 55 ni ya IEBC, tume ya uchaguzi na mipaka, sehemu ya zile wadi 1,450 zilizochorwa mwaka 2012 kwa nchi nzima. Sisi tunahifadhi nakala iliyofungwa. Mheshimiwa akija kusema mpaka wa wadi yake umepita pabaya, namsikiliza kwa heshima, naandika lalamiko, na namwelekeza lipokelewe wapi. Mstari wenyewe siugusi hata kwa mita moja.

Saa tatu hadi saa nne ni maombi ya kawaida: vituo vya afya vya Subukia, shule za Bahati, orodha ya masoko.

Saa nne na robo linaingia faili la visima, na hapo ndipo siku inaposimama.

Limetoka kwa mkandarasi aliyezunguka kaunti nzima. Limetumwa kama shapefile, lakini limekuja faili moja tu la .shp. Shapefile ni furushi: .shp ina maumbo, .shx ina faharasa, .dbf ina maelezo, .prj inasema viwianishi ni vya mfumo gani. Ukituma moja umetuma mwili bila kitambulisho. Naomba zilizobaki. Saa moja inapita. Zinakuja, ila .prj haimo, na majina ya safu yamekatwa kwa sababu muundo huo haubebi zaidi ya herufi 10. Safu mbili zote zimebaki "kiwango_ch", mwisho wa jina umekatwa. Ipi ni kiwango cha maji, ipi ni kiwango cha floridi? Kwa Nakuru hilo si swali dogo. Maji ya visima vya Bonde la Ufa hubeba floridi nyingi, na kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Kipimo hicho kimefungwa kwenye nukta ya kisima. Nukta ikihama, kipimo kinakwenda kukaa juu ya kisima cha watu wengine.

Natoa nakala, naifunga ile ya asili isiguswe, ndipo napanga nukta kwenye ramani. Nyingine zinatua vizuri Naivasha. Za Molo zimetua Somalia.

Sababu yake kila anayeshika data za kaunti hii anapaswa kuijua. Meridiani ya 36, yaani mstari wa longitudo wa digrii 36 mashariki, inapita kati ya mji wa Nakuru na Njoro, na hapo ndipo ukanda wa 36 wa UTM, mfumo unaogawa dunia kwa kanda na kupima kwa mita, unapokutana na ule wa 37. Molo na Kuresoi ziko ukanda wa 36. Mji wa Nakuru, Gilgil na Naivasha ziko wa 37. Rongai imekatwa: mjini Rongai ni 36, Solai ni 37. Kijipiesi, kile kifaa cha GPS cha mkononi, kinavuka mstari huo na kubadilisha ukanda chenyewe, na aliyekishika ananakili namba mbili tu, ya mashariki na ya kaskazini, bila kuandika ukanda. Namba ya Molo ikisomwa kama ya ukanda wa 37 inaruka hadi Somalia. Namba ya Nakuru mjini ikisomwa kama ya 36 inaangukia magharibi mwa Uganda, karibu na Ziwa Edward.

Hili linatibika. Kwa kaunti yetu, namba ya mashariki inayoanza na 7 au 8 ni ya ukanda wa 36, inayoanza na 1 au 2 ni ya 37. Nagawa faili mara mbili, kila sehemu naipa ukanda wake, kisha nazigeuza zote ziwe digrii na kuziunganisha.

Lenye kuchosha ni lile ambalo namba hazilisemi. Baadhi ya nukta za upande wa Rongai zimekaa karibu na mahali pake, lakini si pake. Nafungua picha ya setilaiti, natafuta kisima chenye tangi linaloonekana kwenye ua wa shule. Nukta iko kaskazini ya tangi kwa takriban mita 300, na magharibi kwa kama 90. Kisima cha pili, vivyo hivyo. Cha tatu, vivyo hivyo. Hiyo ni Arc 1960, mfumo wa zile ramani za zamani za 1:50,000, imesomwa kana kwamba ni WGS84, mfumo wa GPS. Kwenye karatasi ni milimita sita. Shambani ni ua wa jirani, pengine wadi nyingine. Na kwa kuwa si nukta zote zina kosa hilo, siwezi kusogeza faili zima kwa mpigo. Ni moja baada ya moja, na kila niliyoigusa naiandikia: nini kilibadilika, kwa ushahidi gani, tarehe ngapi.

Chakula cha mchana kimepita nikiwa bado nazo. Afisa wa maji anapiga simu.

"Madam, hizo data si zimeshalipiwa? Ziweke tu, wakubwa wanangoja ramani kesho."

"Mhandisi, wewe ndiye mlezi wa leya hii. Nikiziweka hivi, fundi wako wa pampu atatumwa mahali pasipo na kisima. Nitumie fomu za karatasi, nilinganishe zile safu mbili."

Ananyamaza kidogo, halafu anasema atamtuma kijana na boksi. Na kweli boksi linafika. Nashukuru kwa dhati, maana mlezi anayekubali kuulizwa ni nusu ya kazi.

Alasiri tunakaa na walezi wa idara nyingine, kikao kifupi. Suala ni majina. Mahali pamoja pameandikwa Elementaita kwa idara moja na Elmenteita kwa nyingine, na kompyuta huona ni mahali pawili. Tunakubaliana kuunganisha majedwali kwa namba za msimbo, jina libaki la kusomwa tu. La pili: leya ya wateja wa maji ina majina na simu za watu. Kwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 hiyo haishirikiwi ovyo. Idara ya mipango itapewa idadi kwa kila wadi, inawatosha.

Jioni macho yanawaka. Fomu zimethibitisha safu ya floridi ni ya pili, ile ya kwanza ni kiwango cha maji. Leya ya visima naiweka kwenye seva ikiwa na alama "haijathibitishwa", inaonekana kwa idara ya maji pekee. Nukta mbili za Solai zimekataa kukaa popote: picha haionyeshi tangi, na fomu imeloa maji mahali pa namba. Kijana wa boksi amechukua kijipiesi. Nimemwekea WGS84, digrii, desimali tano, na atapita huko kesho asubuhi kabla ya kuja ofisini.