Kaboni ya shambani kwa baba mdogo

Jumamosi nilikuwa Urambo kwa baba mdogo, wakaja vijana wawili na keekee ya udongo, mifuko ya nailoni na pete ya chuma, wanapima kaboni ya udongo kwa ajili ya biashara ya hewa ya ukaa. Baba mdogo akanivuta pembeni, "Mwanangu, hawa wananunua udongo wetu?" Hapana baba, udongo unabaki hapahapa, kinacholipiwa ni kaboni itakayoongezeka humo ndani, na hilo neno kuongezeka ndo nataka wakulima wenzangu wa Tabora tulielewe vizuri.

Kaboni hiyo inatokana na mabua, mizizi, samadi, kila kilichooza. Wanachimba mpaka sentimita 30, sehemu nyingi, maana penye kichuguu na penye kichanga hapafanani hata kidogo, udongo unakaushwa, unachekechwa, unaenda maabara, majibu yanarudi na asilimia ya kaboni. Ila asilimia peke yake haitoshi kabisa! Lazima ujue na uzito wa udongo kwa ujazo wake, ndo kazi ya ile pete. Unaigonga na nyundo mpaka izame sawa na ardhi, unaichimbua taratibu, unakata kwa kisu udongo uliozidi juu na chini, uliobaki ndani unakaushwa kwenye oveni nyuzi 105 afu unapimwa. Kichanga chetu kikikauka kinamwagika, yule kijana alirudia mara tatu, angeweza kulipua tu akaondoka, hakulipua, nilimheshimu sana.

Piga hesabu na mimi. Hekta moja kwa kina cha sentimita 30 ni mita za ujazo 3,000, mita moja ikiwa na tani 1.4 una tani 4,200 za udongo. Kaboni ikipanda toka asilimia 0.6 mpaka 0.7 hizo ni tani 4.2, zidisha mara 3.67 kupata hewa ya ukaa ambayo mimea iliivuta, unapata kama tani 15, na kinachouzwa sokoni ni tani mojamoja za hewa hiyo. Yani kosa la 0.1 tu maabara, tani zote 15 zinaonekana zipo kumbe hazipo, au zinapotea, na kupanda hivyo ni kazi ya miaka sio msimu mmoja.

Kwa hiyo nikamwambia baba mdogo aombe majibu ya maabara na namba za jipiesi zinazoonyesha mahali pa kila shimo, maana wakirudi baada ya miaka lazima wachimbe palepale, wakihamia penye kichuguu utaonekana umeongeza kaboni kumbe wapi. Wakamsomea namba moja moja, akaziandika kwenye daftari lake la tumbaku, chini ya hesabu ya mbolea, afu akaenda kumwambia mama mdogo mabua ya mwaka huu yasichomwe.